Siku nne Unguja: nyumba ya mtoto Farrokh

Alhamisi

Boti ya saa moja asubuhi imetutoa Dar es Salaam bahari ikiwa imetulia kama maji ya mtungini. Nilidhani baba atasinzia, maana tumeamka saa kumi alfajiri na ana miaka 76, lakini amekaa dirishani safari nzima, fimbo yake katikati ya magoti, akitazama maji. Mji wa Unguja ulipoanza kuonekana akasema, "Kumbe ni hapa tu." Kazi yake yote ameifanyia Morogoro, akastaafia huko huko. Bahari hii hajawahi kuivuka.

Safari ni yangu. Yeye nimemwomba anisindikize. Tangu mama atutoke mwaka juzi, baba amekuwa mtu wa kibarazani. Anatoka chumbani, anakaa, jua likimfikia anasogeza kiti, na siku imekwisha. Nilipomwambia nataka kwenda Zanzibar kuona nyumba, nilitegemea anijibu kwamba nyumba zipo kila mahali. Akaniuliza tunaondoka lini.

Nyumba yenyewe ipo Shangani, Mji Mkongwe. Aliyekulia humo aliitwa Farrokh Bulsara kabla dunia haijamjua kwa jina la Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen. Mimi nafundisha kwaya na kinanda, na sauti yake naijua tangu binamu yangu aliponirithisha kanda iliyochakaa kiasi kwamba upande wa pili ulikuwa unakoroma. Lakini kilichonifunga kwake ni jambo nililolisoma ukubwani: kwamba alipelekwa shule ya bweni akiwa na miaka 8, ng'ambo ya bahari, na huko ndiko piano ilikomkolea. Mimi nilipelekwa bweni nikiwa na miaka 9, kwa masista, mwendo wa siku nzima kwa basi, na kinanda nimefundishwa huko. Tangu siku niliyosoma habari ile nimekuwa namfikiria kama mtu tuliyelala naye mabweni ya jirani.

Hayo ya bweni sijawahi kuyazungumza na baba. Miaka yote hii.

Kutoka bandari ya Malindi tumetembea kwa miguu, polepole, mabegi tukimpa kijana wa mkokoteni. Baba alitaka kusimama kila mahali: kwenye mtini mkubwa wa Mizingani, mbele ya Beit al-Ajaib ambayo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, kwenye kuta za Ngome Kongwe. Anazigusa kuta. Hasemi kitu, anagusa chokaa na matumbawe kwa kiganja, kisha anaendelea. Nyumba ya wageni tuliyofikia ipo kwenye kichochoro ambacho ukinyoosha mikono miwili unagusa nyumba mbili.

Jioni tumekwenda Forodhani. Vijana walikuwa wanaruka baharini kutoka ukutani, mmoja baada ya mwingine, wengine wakipinduka hewani, na kila anayeruka anapigiwa makofi na watu asiowajua. Tumekula urojo, tukanywa juisi ya miwa iliyokamuliwa na tangawizi na ndimu. Hapo ndipo baba akauliza swali lake la kwanza kuhusu mtu tuliyemfuata.

"Huyu kijana, wazazi wake walikuwa watu gani?"

Nikamwambia: baba yake Bomi, mama yake Jer. Waparsi wa Gujarat, India, wafuasi wa dini kongwe ya Zoroaster iliyotoka Uajemi. Bomi alikuja Zanzibar kwa kazi, akawa keshia katika serikali ya kikoloni ya Waingereza.

"Keshia," baba akasema, akatikisa kichwa taratibu. Yeye alikuwa karani wa mahesabu miaka 31.

Ijumaa

Tumewahi, kwa kuwa Ijumaa mji hufunga milango mchana watu wakielekea msikitini. Shangani asubuhi ni ya wenye maduka wanaofagia na paka waliolala juu ya baraza kana kwamba wamelipia. Nyumba ipo barabara ya Kenyatta, karibu na posta ya zamani. Huwezi kuipita bila kujua, maana picha zake zimewekwa pale nje na watalii wanapigana vikumbo kupiga picha mlangoni. Wenyeji huiita Mercury House. Kwa miaka mingi watu walikuwa wanasimama nje tu, wanatazama juu, wanaondoka. Makumbusho yalifunguliwa tarehe 24 Novemba 2019, siku ambayo alikuwa ametimiza miaka 28 tangu afariki.

Inafaa niseme pia kwamba ukimwuliza mtembeza wageni yeyote Mji Mkongwe, anaweza kukuonyesha nyumba nyingine na kukwambia alikaa hapa, na pale, na kule. Sikushangaa. Mtoto wa mtumishi wa serikali huhamahama na vyombo vya baba yake, na sisi Morogoro tumekaa nyumba tatu. Mtu akiniuliza nimekulia ipi, nitamwonyesha ile iliyokuwa na mwembe.

Makumbusho ni madogo. Mwenye haraka atayamaliza kwa nusu saa. Sisi tumekaa karibu saa mbili na nusu, kwa sababu baba anasoma kila kibao mpaka nukta ya mwisho, na pale penye Kiingereza kigumu ananiita, "Mama, hebu njoo."

Hadithi inaanza tarehe 5 Septemba 1946, hospitali ya serikali hapa hapa mjini. Kisha ni mtoto wa nyumbani, mnene, macho makubwa, nywele zimechanwa upande. Mama yake alisimulia baadaye kwamba mpiga picha mmoja wa hapa mjini aliipenda mno picha ya mtoto huyu, akaiweka dirishani kwa duka lake, na picha ikapata zawadi ya kwanza kwenye mashindano. Nimelipenda jambo hilo kuliko nilivyotarajia. Kabla hajajua kutembea vizuri, tayari kuna watu waliosimama barabarani Unguja wakamtazama.

Alipofika miaka 5 alianza shule ya wamisionari, walimu wake wakiwa masista wa Kianglikana. Mwaka 1952 akazaliwa mdogo wake, Kashmira. Nyumbani kulikuwa na dini yao, na kama watoto wote wa Kiparsi alipitishwa kwenye sherehe ya navjote, ambapo mtoto huogeshwa, huvishwa shati jeupe la ndani na kufungwa mkanda wa sufu kiunoni, na tangu hapo sala ni zake mwenyewe. Nje ya mlango ni adhana mara tano kwa siku, kengele za makanisa, Kiswahili cha sokoni, Kigujarati cha madukani. Watu wengi huuliza lile neno "Bismillah" lililomo katika "Bohemian Rhapsody" ya 1975 limetoka wapi. Ukisimama kwenye dirisha la Shangani saa sita na nusu mchana siku ya Ijumaa, huulizi.

Halafu inakuja meli.

Akiwa na miaka 8 wazazi walimpeleka India, shule ya St. Peter's iliyoko Panchgani, mji wa milimani, mwendo mrefu kutoka Bombay. Kwa baharia ni safari ya kawaida. Kwa mtoto ni siku na siku za maji, kisha treni, kisha mlima. Likizo fupi hakuweza kurudi Unguja, alikuwa anakwenda kwa jamaa zake Bombay. Pale shuleni ndipo alipoitwa Freddie. Aliitwa na jina jingine pia, "Bucky", kwa sababu ya meno: alizaliwa na meno manne ya ziada nyuma yaliyoyasukuma ya mbele yatokeze. Aliyekaa bweni anajua kwamba kila mtoto hupewa jina kutokana na kitu anachokificha. Ukubwani, akiwa na fedha za kung'oa meno kumi, hakuyagusa, akihofia sauti yake itabadilika.

Mkuu wa shule ndiye aliyeona kwamba mtoto huyu ana sikio, akawaandikia wazazi kuwashauri waongeze ada kidogo asome piano. Wakaongeza. Akafika daraja la nne, nadharia na vitendo. Mwaka 1958 yeye na wavulana wengine wanne wakaanzisha bendi, The Hectics, yeye akipiga piano, na wakawa wanapiga kwenye sherehe za shule nyimbo za roki walizozisikia redioni.

Hapo nikasimama sana. Mimi nafundisha watoto, najua maana ya barua ile ya mwalimu mkuu. Ni karatasi moja. Bomi Bulsara angeweza kuisoma, akapiga mahesabu ya mshahara wake, akajibu kwamba haiwezekani, na hakuna ambaye angemlaumu. Kuta nyingine za makumbusho haya zina majukwaa na mavazi, zina Wembley ya tarehe 13 Julai 1985, tamasha la Live Aid, dakika kama 20 ambazo watu bado wanazizungumza. Hayo yote nayajua na nimeyatazama mara nyingi mpaka nikiwa na homa. Lakini kama ningekuwa na uwezo, ningetenga chumba kizima kwa ajili ya barua moja ya ada ya piano.

Nilipogeuka kumtafuta baba nikamkuta kwenye picha za familia. Alikuwa amevua kofia. Alikuwa anamtazama Bomi, mwanamume mwembamba wa suti, na Jer pembeni.

"Alikuwa na miaka mingapi walipompeleka?" akaniuliza, ingawa kibao kilikuwa mbele yake na alikuwa ameshakisoma.

"Minane."

"Wewe ulikuwa na tisa."

"Tisa, baba."

Akavaa kofia, akatoka nje. Nilipomfuata nilimkuta ameketi barazani, anaangalia watu wanavyopita kuelekea msikitini. Sikumuuliza kitu. Nikarudi ndani kumalizia, nikapita haraka mwaka 1970 wa kuanzishwa kwa Queen pamoja na Brian May na Roger Taylor, na John Deacon aliyekuja mwaka uliofuata, nikapita nembo ya bendi aliyoichora mwenyewe, yeye aliyesomea usanifu wa michoro chuo cha Ealing, nikafika ukuta wa mwisho: 24 Novemba 1991, London, miaka 45. Mazishi yake yaliongozwa na makuhani wa dini ya wazazi wake, kwa sala zile zile za kale. Baada ya majukwaa yote hayo, waliomwombea walimwombea kama mtoto wa Bomi na Jer.

Jioni mvua. Hatukutoka.

Jumamosi

Leo nimemwambia baba tutembee tu, nyumba nimeshaiona na sasa nataka kuuona mji alioutembea. Nina imani yangu kuhusu makumbusho ya namna hii: kitanda na kiti havinielezi mengi, hata vikiwa vile vile. Nikitaka kumjua mtoto natoka nje ya mlango wake nihesabu hatua mpaka dukani, mpaka shuleni, mpaka baharini. Kutoka Shangani mpaka baharini mtoto wa miaka 6 anafika kabla hajaitwa mara ya pili.

Tumeanza Mnazi Mmoja, hospitalini, tukaangalia kwa nje tu, maana kulikuwa na foleni ya wagonjwa na si mahali pa kutalii. Baba aliangalia kina mama waliobeba vichanga wakitoka getini, wakiwa wamejifunika kanga kwa ajili ya upepo wa bahari. Kisha Vuga, jengo la Mahakama Kuu lenye kuba, kisha tukaingia vichochoroni mpaka Minara Miwili, kanisa la Mtakatifu Yosefu. Farrokh aliporudi kutoka India mwaka 1963 alimalizia masomo hapa Unguja kwa masista wa Mtakatifu Yosefu. Nimejaribu kupiga hesabu hiyo nikitembea: miaka minane ya kwanza nyumbani, miaka kama minane ya bweni, mwaka mmoja na miezi akirudi, kisha basi. Nyumba ya utotoni ya mtoto wa bweni ni nyumba aliyoikosa kuliko aliyoishi. Sidhani kama hiyo inaifanya kuwa ndogo. Mimi nyumba yetu ya mwembe naijua vizuri zaidi kutokea bwenini, usiku, nikiihesabu chumba kwa chumba ili nipate usingizi.

Tumepotea mara mbili. Mara ya pili tumetokea kwenye baraza lenye wazee wanne na birika la kahawa, mmoja akatuita kabla hatujaomba njia.

"Karibuni, karibuni. Mzee mwenzangu, kaa kitako. Mji huu haupotezi mtu, unamzungusha tu."

Nikamsalimia shikamoo, akaitikia marahaba, akanisogezea kikombe. Kahawa chungu na kashata ya nazi. Alipojua tumetokea Bara na tumekuja kwa habari ya nani, alicheka kwa upole.

"Mwanangu, mimi nimezaliwa hapa hapa, tena nimemzidi huyo miaka miwili. Lakini nikikwambia namjua nitakuwa nakuongopea. Wao na skuli zao, sie na chuo na skuli yetu. Tukikutana, tunakutana pwani. Meli ndizo nnazozijua. Meli ya Bombay ikiwa gatini mji mzima unajua. Watoto wa Kihindi wengi walikuwa wakenda kusoma huko. Ikilia mara ya tatu, na mama zao wanalia."

"Na baba zao?" baba akauliza.

"Baba zao hawalii, mzee mwenzangu. Baba zao walikuwa wanahesabu mizigo. Ishaondoka meli, bado wanahesabu."

Wengine barazani wakatikisa vichwa. Baba aliangalia ndani ya kikombe chake.

Mazungumzo yakafika mwaka 1964, kama yanavyofika mazungumzo yote na wazee wa hapa, na kama kawaida sauti ikashuka. Mapinduzi yalikuwa tarehe 12 Januari. Bulsara na familia yake walikuwa miongoni mwa Wahindi na Waarabu wengi walioondoka. Walikwenda Uingereza, wakakaa Feltham, magharibi ya London. Farrokh alikuwa na miaka 17. Nyumba ile ya Feltham nayo ina kibao cha buluu cha ukumbusho tangu Septemba 2016, na dada yake alikuwepo kikizinduliwa. "Mwaka ule walitoka wengi," mzee akasema. "Wengine na sanduku, wengine na kikapu." Akaishia hapo, nami sikumchokonoa.

Nikamwuliza kuhusu mwaka 2006, wakati palipopangwa sherehe ya kutimia miaka 60 tangu azaliwe, kikundi cha kidini kikapinga kwamba maisha yake hayafanani na maadili ya kisiwa, na sherehe ikafutwa. Nilikuwa na woga kidogo kuuliza. Mimi msimamo wangu naujua: nampenda mtu yule mzima mzima, na inaniuma kwamba mji uliompa sikio lake ulikuwa na siku ambayo haukutaka kulitaja jina lake. Mzee alikunywa kahawa yake yote kwanza.

"Kila mtu ana lake la kusema. Mimi nasema mtoto alozaliwa Mnazi Mmoja ni mtoto wa hapa. Mengine ana Mola wake."

Mwenzake mmoja hakukubaliana naye, akasema hivyo hivyo kwa adabu, wakaendelea kumiminiana kahawa.

Tumeaga saa kumi. Baba alitaka tupite bandarini. Tukasimama ukutani Mizingani, majahazi mawili yakitoka na upepo, boti ya jioni ikipakia. Alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akaanza kusema akiwa anatazama maji, si mimi.

"Siku ile nilipokupeleka, nilirudi nikamwambia mama yako hukulia."

Nikasubiri.

"Ulilia. Nilikusikia mpaka nafika barabara kuu. Nilimwambia umepata rafiki, mmekwenda kucheza, hata kuniaga umesahau. Mahesabu ya mshahara nilikuwa nimeyapiga miezi sita ili ada itoshe, nikajua nikisema ukweli atakwenda kukuchukua kesho yake. Angekwenda kwa miguu."

Mimi ninachokumbuka ni mgongo wa shati lake jeupe ukipungua kwenye njia ya mikaratusi. Nimeishi na mgongo ule miaka 36. Sikuwahi kujua kwamba mwenye mgongo alikuwa anasikia.

"Aliniamini?" nikauliza. Nilikosea, nilitaka kusema alikuamini, na baba alielewa.

"Mwaka wa kwanza. Halafu zikaanza barua zako."

Barua zangu. Tulikuwa tunaandika Jumapili baada ya misa, sista akipita katikati ya madawati akisoma juu ya mabega yetu, kwa hiyo wote tuliandika sawa: mimi sijambo, chakula kizuri, nasoma kwa bidii, wasalimie wote.

"Zote zilisema hujambo," baba akasema. "Mama yako alikuwa hasomi maneno. Alikuwa anaangalia mwandiko. Akiona herufi imepinda, au umefuta mahali, anaweka kidole pale pale na kuniambia, hapa mtoto alikuwa analia. Nilimwambia ni kalamu. Akanijibu, wewe hesabu namba zako, huyu mimi namsoma."

Boti ya jioni ikapiga honi. Baba aliinua kichwa kama mtu aliyeitwa jina. Nilimshika mkono, akauacha mkononi mwangu, jambo ambalo hatufanyi kwetu, na tukakaa hivyo mpaka taa za Forodhani zikawaka na wale vijana wakaanza tena kuruka.

Kabla ya kulala aliniomba nimsikilizishe wimbo mmoja wa yule mtoto, wowote. Nimemchagulia "Love of My Life", kwa sababu ni sauti na piano na hauna kelele nyingi za kumchosha mzee. Alisikiliza amefumba macho, simu kifuani. Wimbo ulipokwisha aliuliza kama mama yake aliwahi kuusikia. Nikamwambia ndiyo, Jer Bulsara aliishi mpaka 2016, miaka 25 baada ya mwanawe. Bomi alifariki 2003.

"Basi walimzika wenyewe," akasema, akageukia ukutani.

Jumapili

Misa ya asubuhi Minara Miwili, kwaya nzuri, soprano wawili wangeweza kuimba popote. Boti ya saa sita unusu. Bahari leo imechafuka kidogo na watu wengi walikuwa na mifuko mdomoni, baba hapana.

Nimeandika haya nikiwa kwangu, Dar, baba ameketi sebuleni na wajukuu wanamwonyesha jinsi ya kutafuta nyimbo kwenye simu. Katikati ya bahari nilimwuliza zile barua zilikwenda wapi, nikiwa na uhakika kwamba zilitupwa tulipohama nyumba ya pili. Akasema zipo, kwenye sanduku la mama la bati, lile la chini, chini ya vitenge, na kwamba tangu azikwe hakuna aliyelifungua.

Kesho kutwa tunapanda basi la Morogoro. Ufunguo anao yeye, ameufunga kwenye leso, nimeuona leo alipokuwa anatafuta chenji ya kumpa kijana wa mkokoteni.